UZI: Kasuku akitamka shahada, amesilimu? Kuiga sauti kwa ndege na ufahamu wa wanyama katika Uislamu

BawaNaSauti (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum warahmatullah wanajukwaa.

Kila baada ya muda huzunguka video ya kasuku anayetamka shahada au anayemaliza Suratul Ikhlas, na chini yake maoni hugawanyika. Wapo wanaoandika "Subhanallah, hata ndege ameamini". Wengine huwajibu kwamba huyo ni kinasa sauti chenye manyoya, hajui lolote. Naona makundi yote mawili yanatafuta dalili mahali isipokuwepo. Neno la binadamu kinywani mwa ndege halithibitishi imani yake. Na kuwa neno hilo ni la kuiga tu hakuthibitishi kwamba ndani mwake hamna ufahamu. Ni masuala mawili, na kila moja lina dalili zake.

Kwanza, sauti yenyewe. Sisi hutengeneza sauti juu ya koo, kwenye koromeo. Ndege hutumia kiungo kiitwacho sirinksi, kilichoko chini kabisa ya bomba la hewa, pale linapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili. Ndege waimbaji wengi wana misuli inayoongoza kila upande peke yake, ndiyo maana mmoja anaweza kutoa sauti mbili kwa wakati mmoja. Kasuku ana njia nyingine: sauti yake hutoka chanzo kimoja, kisha ulimi wake mnene huichonga. Utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kuusogeza ulimi wa kasuku kidogo tu hubadili sauti inayotoka, kama ulimi wetu unavyotenganisha "a" na "i".

Pili, kujifunza. Si kila ndege anaweza kuiga. Makundi matatu tu ndiyo yanayojifunza sauti kwa kusikiliza: kasuku, ndege waimbaji (humo wamo kunguru na kwezi), na wale ndege wadogo wa bara la Amerika wanaoelea hewani mbele ya ua wakinyonya nekta. Jogoo hamo. Ukimlea kifaranga asisikie jogoo mwingine hata siku moja, akikua atawika vilevile. Kwa hiyo anayetaka kumfundisha njiwa maneno anapoteza muda wake na kumchosha njiwa bure. Ubongo wake hauna njia ya kubeba kilichosikika hadi kwenye misuli ya sauti. Kasuku anayo, tena ana tabaka la ziada linaloizunguka njia hiyo, jambo lililoelezwa kwa kina mwaka 2015.

Nawakaribisha wenye elimu ya fikihi na tafsiri, na wanaojua tabia za ndege.

---

UsulNaFuruu

Wa alaykumus salaam warahmatullah. Ndugu BawaNaSauti, mafakihi walilijadili jambo hili zamani sana, kwenye mlango wa sijda ya kisomo, yaani kusujudu inaposomwa aya fulani za Qur'ani. Swali lao: ndege aliyefundishwa akisoma aya ya sijda, msikilizaji asujudu?

Kwa Mahanafi (moja ya madhehebu za fikihi, kama Mashafii na Mahanbali), ambao sijda hiyo kwao ni wajibu, kauli inayotegemewa ni kwamba haiwajibiki kwa kuisikia kutoka kwa ndege wala kutoka kwa mwangwi. Kwa Mashafii, ambao kwao ni sunna, hasujudu kwa kisomo cha ndege aliyefundishwa, na wamemtaja pamoja na aliyelala na aliyepitiwa. Sababu yao ni moja: kisomo kinachojenga hukumu kinahitaji msomaji anayekusudia. Ukiielewa sababu hiyo, mengine unayapima mwenyewe. Salamu ya kasuku si wajibu kuijibu. Adhana yake haitoshelezi. Akiiga sauti ya mume akitamka talaka, hakuna talaka. Na shahada yake si kusilimu, kwa sababu hakukalifishwa, yaani hakuwekewa wajibu wa sharia, tangu mwanzo.

Zingatieni jambo moja ambalo watu huliruka. Hukumu hii ni ya tamko, haimhusu ndege mwenyewe. Aliyelala naye ametajwa katika orodha ileile, na hakuna aliyesema kwamba aliyelala si kiumbe mwenye akili. Kutoka "tamko lake halina nia" hadi "hana fahamu yoyote" ni mruko ambao mafakihi hawakuufanya. Haohao wasiosujudu kwa kisomo chake wanamuwajibisha mwenye ndege amlishe na amnyweshe.

---

Mlamba_Mweusi

Mkuu UsulNaFuruu umegusa penyewe. Naomba kuongeza upande wa porini, kwa sababu watu wakisikia "kuiga" huwaza kasuku wa kwenye tundu tu.

Yupo ndege mdogo wa matete, Acrocephalus palustris, anayezaliana Ulaya na kuja Afrika majira ya baridi ya huko. Utafiti uliochapishwa mwaka 1979 ulikuta kwamba dume mmoja huiga kwa wastani spishi 76 hivi, na zaidi ya nusu ni ndege wa Afrika. Wimbo wake unabeba safari yake yote. Hapo kuiga ni pambo la kuvutia jike.

Mlamba ni habari nyingine. Katika jangwa la Kalahari hufuatana na nguchiro wa huko na ndege wanaookota chakula ardhini. Akiona adui kweli, hupiga kelele ya tahadhari na wenzake hukimbia. Wakati mwingine hupiga kelele hiyo bila adui yeyote. Wao wakikimbia, yeye hushuka na kuchukua mdudu walioacha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulihesabu aina 51 za kelele za tahadhari alizotumia, nyingi zikiwa za kuiga spishi nyingine, na ukakuta takriban asilimia 23 ya chakula chake hupatikana kwa njia hiyo. Lililo muhimu zaidi: walioibiwa wakizoea kelele moja na kuacha kukimbia, hubadilisha na kupiga nyingine.

Je, hilo ni uongo wa makusudi? Mimi sisemi hivyo. Inawezekana kabisa amejifunza tu kwamba kelele hii imeshindwa, jaribu ile, bila kuwaza kilichomo kichwani mwa nguchiro. Lakini hata maelezo hayo madogo yanahitaji kumbukumbu, kupima matokeo na kuchagua. Kinasa sauti hakichagui.

---

Binti_Hudhudi

Assalaam alaykum. Swali kwenu: kwa nini tunahangaika na kasuku wakati Qur'ani ina hudhudi wa Nabii Sulaiman (AS)? Sura ya 27 inatosha kuthibitisha kwamba ndege wana akili kamili. Au nimekosea?

---

UsulNaFuruu

Dada Binti_Hudhudi, ni dalili kubwa, ila ishike kwa mipaka yake.

Tazama kisa chenyewe, aya ya 20 hadi 28. Hudhudi hayupo kwenye safu. Sulaiman (AS) anaahidi adhabu isipokuwa alete hoja iliyo wazi. Anakuja na kusema amejua asilolijua Sulaiman, kisha anatoa taarifa yenye tabaka: mwanamke anatawala, ana kiti kikubwa, watu wake wanasujudia jua, na Shaitani amewapambia matendo yao. Hilo la mwisho ni hukumu, si kitu cha kuonekana kwa macho. Sulaiman naye haikubali moja kwa moja, anasema: tutatazama umesema kweli au u miongoni mwa waongo. Anamtuma na barua ili ukweli ubainike.

Wanazuoni wametofautiana. Wapo waliosema hudhudi na chungu wale walipewa jambo maalumu kwa ajili ya Nabii, kwa hiyo huwezi kupimia kwao hudhudi wote. Wengine wakasema muujiza ulikuwa kwa Sulaiman aliyefundishwa kuelewa, maana aya ya 16 inasema yeye ndiye aliyefundishwa usemi wa ndege. Kauli hii ya pili ina nguvu kwangu kwa sababu ya chungu wa aya ya 18: alikuwa anawaonya chungu wenzake, hakuwa anazungumza na Sulaiman. Lakini anayeshika kauli ya kwanza hajatoka nje ya elimu, asitukanwe.

Aya ya jumla ni 6:38: hakuna mnyama ardhini wala ndege arukaye kwa mbawa zake mbili ila ni umma mfano wenu. Mfano katika nini? Wafasiri wametaja kuumbwa, kupangiwa riziki, kujuana wao kwa wao, kumtakasa Allah, na kufufuliwa. Alikuwepo Ahmad bin Habit aliyevuka mpaka akadai kila spishi ina mtume wake, na Ibn Hazm (aliyefariki 456 Hijria) akamjibu kwa ukali, kwamba sharia huelekezwa kwa mwenye akili ya kukalifishwa. Kwa hiyo "umma mfano wenu" si "wamekalifishwa mfano wenu".

---

BawaNaSauti

Jazakallahu khayran. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Aya 17:44 inasema hakuna kitu ila kinamtakasa kwa sifa zake, "lakini nyinyi hamfahamu kutakasa kwao". Kasuku akitamka "Subhanallah" kwa sauti yetu, sisi tunafahamu. Basi hilo haliwezi kuwa ndilo tasbihi inayotajwa katika aya. Ikiwa ndege huyo anamtakasa Mola wake, na aya 24:41 inasema kila mmoja amejua sala yake na tasbihi yake, basi anafanya hivyo kwa njia yake, hata kabla hajafundishwa neno moja. Kumfundisha hakumuongezei.

---

MizaniYaTafsiri

Ndugu, hoja nzuri, nairekebisha kidogo. Aya haikatazi kwamba sehemu ya tasbihi yao ieleweke. Inakanusha ufahamu wetu kwa jumla. Na tofauti ya zamani ibaki wazi: mfasiri Fakhruddin ar-Razi aliona tasbihi ya visivyo na uhai ni kwa lugha ya hali, yaani kuwepo kwake kunamshuhudia Muumba, ilhali al-Qurtubi na wengine wakaichukua kuwa tasbihi ya kweli. Kwa ndege jambo ni jepesi kuliko kwa mawe, kwa sababu 24:41 imetumia neno la kujua.

Nyongeza ambayo naona imesahaulika: katika Bukhari na Muslim, Nabii mmoja aliumwa na chungu mmoja akaamuru kiota chote kichomwe moto, Allah akamlaumu kwa kuteketeza umma miongoni mwa umma zinazomtakasa. Tasbihi yao imegeuka kuwa sababu ya haki yao. Haikuishia kwenye mjadala wa nadharia.

---

Msomi_wa_Tabia

Wakuu, nilete upande wa vipimo, kwa sababu kuna ndege mmoja aliyetufundisha namna ya kutenganisha kuiga na kuelewa. Ni kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex, aliyefanyiwa utafiti na Irene Pepperberg nchini Marekani kuanzia 1977 hadi alipokufa 2007. Alitaja vitu takriban 50, rangi 7, maumbo 5, idadi hadi 6, na aliweza kujibu vitu viwili vinatofautiana kwa rangi, umbo au malighafi, na kama havitofautiani, akasema hakuna.

Siri ilikuwa kwenye ufundishaji. Watu wawili hukaa mbele ya ndege. Mmoja anashika kitu na kumuuliza mwenzake: hiki nini? Akijibu sawa, anapewa kitu hichohicho akichezee. Akikosea kwa makusudi, kinaondolewa mbele ya macho ya ndege. Kisha wanabadilishana nafasi. Ndege anatazama na kutamani, mwishowe anaingia kwenye mashindano.

Mambo mawili huharibu hapa. La kwanza, kumpa karanga kwa kila jibu: maneno yote yatakuwa na maana moja kwake, "nipe karanga". Zawadi iwe kitu chenyewe kilichotajwa. La pili, kumwachia spika ikirudia neno siku nzima. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kasuku hawakujifunza kutumia maneno kwa maana yake kutokana na kanda peke yake. Sasa rudini kwenye zile video: ndege aliyewekewa kisomo kwenye spika amefundishwa kwa njia ileile isiyojenga maana. Kilichoingia ni sauti.

Anayedai kasuku wake anaelewa, afanye hivi. Chagua vitu viwili anavyovitaja. Panga mfuatano kwa kurusha sarafu, si kwa kichwa chako. Anayemuuliza asikione kitu kilichowekwa, na anayeandika jibu asijue kipi kilipaswa kutajwa. Sharti hili si la kupamba: farasi Hans wa Ujerumani alidhaniwa anajua hesabu, hadi mwaka 1907 ilipobainika kwamba alikuwa akisoma mwili wa muulizaji, ambaye mwenyewe hakujua kwamba anatoa ishara. Uliza mara 20 kwa jumla, lakini kwa vikao vifupi vya maswali 5, maana akichoshwa hujibu ovyo. Andika kila jibu, hasa yale mabaya. Kwa bahati tu atapata karibu 10. Kupata 15 au zaidi kwa bahati hutokea takriban mara 2 katika 100, hapo ndipo uanze kuzungumza. Wengi huharibu kwa kurekodi siku nzima kisha kurusha sekunde 30 zilizopendeza.

---

UsulNaFuruu

Ustadh Msomi_wa_Tabia, hili la kupima mafunzo kwa matendo lipo kwenye fikihi ya uwindaji, chini ya aya 5:4. Kwa Mahanafi, mbwa huhesabiwa amefundishwa akiacha kula windo mara tatu, na kipanga akirudi anapoitwa. Mashafii wanataka aende akitumwa, asimame akikatazwa, asile windo, na hayo yakariri hadi idhaniwe kuwa imekuwa desturi yake. Hawakuuliza mnyama anaona nini moyoni. Waliweka alama za nje zinazojirudia. Na Bismillahi bado ni ya mwindaji. Mnyama anajifunza kweli, na sharia inalikubali hilo hadi kuhalalisha nyama kwalo, ila nia inabaki kwa mtu.

---

Msomi_wa_Tabia

Mfano huo nitautumia, Sheikh. Niongeze vipimo viwili visivyohusu sauti kabisa, maana ndivyo vyenye uzito zaidi juu ya ufahamu. Mwaka 1998 watafiti Clayton na Dickinson walionyesha kwamba ndege fulani wa jamii ya kunguru, aliyeficha viwavi na karanga, baada ya saa 4 huenda kwanza kwenye viwavi anavyovipenda. Baada ya saa 124, akiwa amekwisha kujua kwamba viwavi huoza, huenda kwenye karanga. Anakumbuka nini, wapi na lini. Mwaka 2020 kikundi cha mtafiti Nieder kilichapisha kipimo cha kunguru waliofundishwa kuonyesha kama wameona mwanga hafifu sana. Seli za ubongo zilifuata jibu la kunguru, nimeona au sikuona, hata pale mwanga ulipokuwa uleule. Kunguru hao hawakutamka neno.

---

Binti_Hudhudi

Nimeelewa, jazakumullahu khayran. Basi kwa vitendo: kumfuga kwa ajili ya sauti yake kunafaa? Na aliyekwisha kumfundisha aya afanyeje?

---

UsulNaFuruu

Kufuga asili yake ni halali. Katika Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) alimtania mtoto Abu Umayr juu ya ndege wake mdogo na hakumkataza kumfuga. Al-Qaffal, katika Mashafii, aliulizwa kuhusu kuwafungia ndege tunduni kusikiliza sauti zao, akajibu inajuzu iwapo mwenye nao anawatimizia wanachohitaji. Wapo Mahanbali waliochukia kumfungia ndege kwa ajili ya wimbo wake. Mstari wa kutovuka upo katika hadithi ya Abu Dawud: masahaba walichukua makinda, mama yao akawa anapapatika, Mtume (SAW) akauliza ni nani aliyemfadhaisha huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Hakungoja ndege aseme neno ili huzuni yake ihesabiwe.

---

BawaNaSauti

Sharti la al-Qaffal linabeba mzigo mkubwa kwa kasuku. Kasuku huiga ili awe mmoja wa kundi. Porini kundi ni kasuku wenzake; nyumbani ni watu. Ndiyo maana wafugaji wengine humtenga makusudi, kwa kuwa wa peke yake huongea zaidi. Matokeo yake mara nyingi ni kujinyofoa manyoya na kupiga mayowe. Anachohitaji ni mwenziwe au watu saa nyingi za siku, usingizi wa saa 10 hadi 12 gizani, kazi ya kutafuta chakula chake badala ya bakuli tu, na mlo usiokuwa wa mbegu peke yake, kwa sababu mbegu tupu humpunguzia vitamini A na kalsiamu. Parachichi na chokoleti ni sumu kwake. Kikaango kisichoshika kikiungua, moshi wake unaweza kumuua kwa dakika chache. Anaishi miongo mingi, basi mwenye naye aache wasia wa atakayemlea. Na asinunue aliyekamatwa porini: tangu uamuzi wa mwaka 2016, biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini imepigwa marufuku, kwa sababu walikuwa wamepungua sana misituni.

Kuhusu aya, mimi naona bora kutomfundisha. Ndege hachagui mahali. Ataitamka juu ya kinyesi chake, katikati ya matusi aliyoyasikia kwa jirani, na watu watacheka. Aliyekwisha kufundishwa hana dhambi, na haifai kumpigia kelele wala kumfunika tundu kwa adhabu, kwa sababu kelele yako kwake ni jibu, na jibu ndilo analolitafuta. Akiitamka, usimtazame, usiseme neno, usitabasamu. Ondoka chumbani kwa sekunde chache. Akipiga mluzi au kutamka jambo jingine, mgeukie hapohapo umjibu na umpe kitu anachokipenda. Watu wote wa nyumbani wafanye hivyohivyo, maana mmoja akicheka mara moja kwa wiki anaihifadhi. Siku za mwanzo ataitamka zaidi kabla ya kupunguza, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudia kumjibu. Haitafutika kabisa kichwani mwake. Inaweza kurudi baada ya miezi akiisikia kwenye redio. Akirudi nayo, fanya vilevile.